Magari ya Kipushi: asubuhi nayasifu, jioni tuongee

Watu wa Lubumbashi, hapa Kongo (DRC), wanaotaka kuhamia mji wetu mdogo wa Kipushi huniuliza habari za nyumba: kodi ni kiasi gani, maji yanatoka, majirani wana kelele? Nawajibu, kisha nauliza na mimi: wewe utakuwa unarudi nyumbani saa ngapi? Maana nyumba zipo. Utulivu nao upo, tena wa kumwaga. Kinachoamua kama utakaa au utarudi zako Katuba, mjini Lubumbashi, kabla mwaka haujaisha ni magari ya abiria ya barabara ya Kipushi. Hoteli watu wanazipa nyota, simu wanazipa nyota, lakini haya magari yanayobeba maisha ya mji mzima sijaona mtu kayakalia chini akayapima. Basi nayapima mimi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule, na mavazi ya harusi yakija siyakatai. Naishi katika nyumba mojawapo ya kambi ya zamani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo umeme ukikatika mimi naendelea. Kitambaa, uzi, vifungo na zipu navitoa Lubumbashi. Kipushi utapata zipu nyeusi na nyeupe. Ukitaka zipu ndefu ya zambarau kwa gauni la mama wa bibi harusi, panda gari.

Kwa asiyepajua: ni kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Mji umezaliwa na mgodi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, walianza kuchimba mwaka 1924, baadaye ukawa mgodi wa Gécamines, ukasimama mwaka 1993, na kwa miaka mingi kazi kubwa iliyobaki kule chini ilikuwa kuvuta maji mashimo yasifurike. Mwaka 2024 mtambo mpya ukaanza kutoa zinki. Mabadiliko hayo sisi abiria tuliyaona kwenye viti kabla ya kuyasikia redioni. Zamani gari la asubuhi lilijaa likitoka Kipushi, likarudi na mama wawili na jogoo. Siku hizi linajaa pande zote mbili, maana wapo wanaolala Lubumbashi na kufanya kazi kwetu. Mwenye nyumba wangu naye aliona, akanipandishia kodi. Reli ya kupitia Munama iliwekwa kwa ajili ya madini. Sisi wenye vikapu tunategemea lami.

Sasa magari yenyewe. Yako ya aina mbili: Hiace, na taksi ndogo zinazokaza wawili mbele pamoja na dereva na wanne nyuma. Taksi inajaa haraka na inakimbia, na nauli yake imezidi kidogo. Mimi ni mtu wa Hiace, kwanza kwa sababu ya mizigo, pili kwa sababu wanne nyuma ni hesabu ya watu wembamba, na mimi hesabu hiyo nimeshaitoka.

Kuna jambo ambalo mgeni hulichukua muda kulijua na ningependa alijue leo. Usichague gari kwa upya wake wala kwa muziki wake. Muulize dereva analala wapi.

Dereva anayelala Kipushi lazima aondoke Kipushi alfajiri ili apate siku yake, na lazima arudi Kipushi usiku maana mke, watoto na sahani yake ya bukari, yaani ugali, viko huko. Hata akibaki na abiria watano atakuja, kwa kuwa anakuja kwake. Dereva anayelala mjini ana hesabu nyingine. Jua likishaanza kushuka, anajiuliza: nikipeleka hawa, nitarudi na nani? Akiona hakuna, anakwambia gari lina tatizo la breki. Nimesikia matatizo ya breki mengi sana saa kumi na moja jioni, na kesho yake saa tatu asubuhi breki hizo hizo zimepona zenyewe.

Wanaolala Kipushi hawajai mikono miwili. Ukishawajua, ukawa na namba zao kwenye simu, nusu ya shida zote ninazosoma watu wakilalamikia barabara hii inakuwa haikuhusu.

Asubuhi, kwa hiyo, naipa alama za juu bila kusita. Gari la kwanza linatoka kukiwa bado giza. Abiria wa saa hiyo wanajuana: walimu, mama wa mboga na mafurushi yao ya lengalenga na matembele, vijana wa chuo, baba mmoja wa kofia ya sufu ambaye hajawahi kusema zaidi ya "jambo" lakini akikosekana tunaulizana. Hakuna ugomvi wa viti. Mwenye mtoto anapewa dirisha. Kondakta anakusanya nauli mkishapita nyumba za mwisho, na chenji anairudisha siku hiyo hiyo, jambo ambalo wakaaji wa mijini watadhani natunga. Noti za franka zilizochakaa anapokea hata zile zilizoshonwa kwa gundi. Dola mpelekee nzima: yenye mchaniko mdogo kama ukucha atakurudishia, kama atakavyokurudishia kila mtu nchi hii.

Bila msongamano, safari haifiki saa nzima. Unapita vichuguu vikubwa vya mchwa na tanuri za matofali, unawapita vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala, yaani mkaa, mpaka baiskeli haionekani, kisha unaingia Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, na hapo ndipo mwendo unakufa. Kuanzia Annexe mpaka katikati ya mji inaweza kuchukua muda ule ule uliotumia kutoka Kipushi. Hilo siwezi kumdai dereva.

Kuhusu viti niseme kidogo, maana hapa ndipo mtu anaumia bila kujua sababu. Hiace zetu nyingi zimetoka Japani na usukani wao uko kulia, na sisi tunapita kulia mwa barabara. Matokeo yake mlango wa kuburuta unafungukia katikati ya barabara, upande ule ule yanakopita malori. Kondakta mzuri anashuka yeye kwanza, anasimama na mkono juu kuzuia yanayotaka kupita, anatazama nyuma, ndipo anakwambia, "Mama, shuka." Kondakta mbaya anafungua na kukusukumia nje na kikapu chako. Nikipanda gari nisilolijua namwangalia kondakta kwenye kituo cha kwanza tu. Akishuka kabla ya abiria, nabaki. Asiposhuka, nashuka mimi palepale na kusubiri lingine, na nauli namwachia.

Kiti cha mbele cha katikati kiko juu ya injini. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri ambapo pumzi inatoka kama moshi, kiti hicho watu wanakigombania, na mimi nimewahi kumdanganya mwalimu mmoja kwamba nina miguu mibovu ili nikipate. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kiti hicho hicho mpe mtu unayemdai. Viti vya kukunja vya katikati uviache kwa vijana: kila anayeshuka nyuma, wewe unasimama, unakunja, unakaa, unasimama tena. Mimi nakaa safu ya pili upande wa dirisha, kiti kigumu lakini hakuna wa kukusumbua, na jora la kitambaa linasimama vizuri kati ya magoti na ukuta wa gari.

Mizigo ndiyo sehemu ninayoweza kuisemea usiku kucha. Hapa barabara ya Kipushi inafanya kazi ambayo hakuna kampuni inayoifanya kwetu kwa bei ile. Nampigia simu muuza vitambaa wangu soko la Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi), anapima, anafunga, anaandika jina langu kwa kalamu nene. Natuma pesa kwa simu. Kijana wake anapeleka furushi mpaka kwenye gari, anamkabidhi dereva ninayemtaja, na jioni nalipokea kituoni Kipushi nikiwa na kanga na kandambili, bila kupoteza siku. Nauli ya mzigo inapatanwa. Hakuna risiti, hakuna karatasi. Kuna jina la dereva, na kwamba nyumba yake naijua. Kwa mwezi wa nane na wa tisa, shule zinapokaribia kufunguliwa na kila mzazi anakumbuka siku moja kwamba mwanawe anahitaji shati jeupe na suruali ya bluu, huduma hii ndiyo iliyoniokoa. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, watoto darasani wameongezeka, na sare nazo. Mtu mmoja akishona, akipika na kusafiri kila mara Lubumbashi, kimojawapo kitaungua.

Lakini si kwamba mizigo haina vituko. Jora langu jeupe, jeupe pe, la mashati, lilifika siku moja limelazwa juu ya gunia la makala. Mfuko wa nailoni ulikuwa umetoboka ubavuni na alama tatu nyeusi zikaingia mpaka ndani ya mikunjo. Dereva, mmoja wa hao wanaolala mjini, aliangalia, akaangalia tena, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Mama, lakini makala iko mikavu." Nilibishana naye mpaka watu wakazunguka. Pesa hakutoa. Alichofanya ni kunipandisha bure kila aliponikuta barabarani, mpaka nikaanza kuona haya kudai. Lile jora nililikata kwa kukwepa madoa, mashati ya watoto wadogo yakatoka mengi, ya wakubwa machache. Tangu hapo, cheupe hakisafiri na mtu nisiyemjua, na furushi linavikwa gunia la unga juu ya nailoni. Magunia ya unga wa Zambia hayakosekani Kipushi, angalau hilo mpaka umetupatia.

Haya, jioni.

Jioni ndiyo aibu ya barabara hii. Kuanzia saa kumi na moja, kituo cha Lubumbashi kinakuwa na watu kuliko magari, na vijana wa kuita abiria wanaimba, "Kipushi, Kipushi, bado moya, tuende!" Ukisikia bado moja, ingiza kichwa ndani uhesabu viti mwenyewe, nimekuta gari lenye watu watatu likiitiwa bado moja. Nauli ya asubuhi na nauli ya jioni si ndugu, na mvua ikinyesha hata hawasalimiani. Mwezi wa sita giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili kupita sana. Hapo waliobaki ni wale wa breki mbovu, na taksi zinazotaka ukodi gari zima.

Kwa mtu wa duka anayefunga saa kumi na mbili, kwa muuguzi anayebadilishana zamu usiku, kwa mwanafunzi mwenye kipindi cha mwisho, huu ndio ukuta. Nimewaona vijana wawili, mume na mke, wamehamia mtaani kwetu na meza nzuri na televisheni kubwa, wanafurahia kwamba usiku hakuna baa inayopiga muziki dirishani kama walikotoka. Mume alikuwa anauza simu mjini na duka lake linafunga jioni. Walikaa mpaka mvua za kwanza. Siku ya kuondoka, mke aliniambia, "Yaya (yaani dada mkubwa), huku kuzuri, lakini mume wangu namwona Jumapili tu." Nyumba yao ilichukuliwa wiki ile ile na mtu wa mgodi.

Pikipiki zipo, nitasemaje. Kwa safari za ndani ya Kipushi nazipanda. Kwa kilomita 30 usiku, kwenye barabara ya malori, bila taa za barabarani, hapana, hata unipe bure.

Upande mwingine wa jioni ni huu. Usiku mmoja mtoto wa jirani yangu alishikwa na homa, akaanza kurukaruka mwili, na waliomtazama hapa wakasema apelekwe hospitali ya Sendwe, Lubumbashi, mara moja. Saa sita usiku. Tulimgongea dereva anayelala mtaa wa nyuma. Alitoka na fulana, akachukua funguo, hakuuliza bei. Alidai pesa ya mafuta baadaye, baada ya mtoto kurudi anakula. Na kesho yake asubuhi gari la kwanza lilichelewa, kwa sababu mtu alikuwa hajalala. Kituoni walimu walinuna wote. Mimi nilikuwa najua sababu, na bado nilinuna, maana nilikuwa na mteja wa saa mbili.

Hicho ndicho unachokipata kwa dereva wa mtaani kwako na hutakipata kwa programu yoyote ya simu ya kuita teksi. Ila huwezi kuujenga mji juu ya hisani ya watu wachache wasiolala vizuri.

Hali ya magari yenyewe niipitie haraka: viti vimechanika, madirisha mengine hayafungi, na kiangazi vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Usivae nyeupe. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja hivi, ulizia kama vipangusa kioo vinafanya kazi, na usione haya kuuliza. Wenye magari hawapendi swali hilo, ndiyo maana ni swali zuri. Mashimo ya barabarani yanazibwa kwa kifusi, mvua inakifukua, yanazibwa tena.

Nyota, basi, kwa kuwa watu wanapenda nyota. Asubuhi: nne na nusu kati ya tano, nusu nimeitoa kwa ajili ya makondakta wasioshuka. Mizigo: nne. Ilikuwa tano kabla ya makala. Jioni: moja na nusu, na ile nusu ni ya wale wanaolala Kipushi.

Nani ahamie? Fundi kama mimi, anayefanya kazi nyumbani na kwenda mjini kuchukua vitu. Mwalimu, kwa kuwa anamaliza mapema. Mstaafu ambaye amechoka kusikia maspika ya jirani yakipima nguvu na maspika ya kanisa. Mtu wa bustani, maana viwanja bado vina nafasi nyuma ya nyumba na mimi mwenyewe sombe, yaani kisamvu, sijanunua muda mrefu. Mtu ambaye kazi yake inaanza saa nane mchana na kuisha usiku, abaki mjini, Kampemba au Kamalondo, aje kwetu Jumamosi. Nitampikia. Tutakaa kibarazani, tutaagiza michopo, nyama ya kuchoma, kwa kijana wa kona, mtu atanywa bia yake ya Simba bila kupiga kelele ili aliye mbele yake amsikie. Ila Jumapili aondoke saa tisa, asije akanilaumu.

Na wenye magari, najua mnasoma, maana mlisoma hata andiko langu la zamani la vipangusa kioo mkanifungia uso wiki nzima. Ombi ni moja. Wekeni Hiace moja ya zamu, iondoke Lubumbashi saa mbili usiku kila siku ya kazi, ijae isijae, na wanaolala Kipushi wapokezane. Nauli iwe ya juu kuliko ya mchana, tutalipa. Abiria wa kudumu mtawapata kabla mwezi haujaisha: muuguzi mmoja namjua, wauza duka wawili nawajua, na kiti cha dirisha safu ya pili andikeni jina langu siku za kununua kitambaa.